Mtetemo wa simu usisingiziwe kumaliza chaji

Mhariri,

Kila umeme unapoanza kukatika-katika, kurasa za teknolojia na makundi ya WhatsApp hujaa orodha za mbinu za kutunza chaji, na karibu kila orodha haikosi sentensi hii: zima mtetemo wa kibodi, unakula betri. Tunaomba nafasi kwenye safu yako ya barua tuijadili sentensi hiyo, maana sisi ni mafundi simu na tunaona wasomaji wanavyoambiwa waache kitu chenye faida ili waokoe kitu kisichopimika. Mtetemo unakula chaji, ni kweli. Hakuna kinachofanya kazi ndani ya simu bila kula chaji. Kinachokosekana kwenye ushauri huo ni kiasi.

Ushauri wenyewe haukuzuka hewani. Android 5, iliyotoka mwaka 2014, ilikuja na hali ya kuokoa betri, na maelezo yake yalisema waziwazi kwamba hali hiyo inapunguza mtetemo, huduma za mahali na data zinazotumika chinichini. Apple nayo ilipoleta mtetemo wa kibodi kwenye iOS 16 mwaka 2022, iliandika kwenye maelezo yake ya msaada kwamba kuuwasha kunaweza kuathiri muda wa betri. Wote wawili walisema kweli, na hakuna aliyetaja namba kwenye maelezo hayo. Msomaji akiuona mtetemo umepangwa mstari mmoja na data za chinichini, atadhani vinalingana kwa ulaji. Havikaribiani.

Tuanze na kidude chenyewe. Ukifungua simu nyingi za bei ya chini utakuta, karibu na spika ya chini au pembeni mwa ubao, kitu cha mviringo kama kidonge, upana milimita 8 hadi 10, unene kama milimita 3, kimebandikwa kwa gundi ya pande mbili. Ndani yake mna mota ndogo yenye uzito uliowekwa upande mmoja tu. Ikizunguka, ule upande mzito unavuta huku na huku, na simu nzima inatikisika. Hutumia volti 3 hivi, huzunguka mara 10,000 hadi 12,000 kwa dakika, na ikishashika kasi huvuta miliampea 60 hadi 100 (miliampea ni kipimo cha kiasi cha umeme unaovutwa). Kwenye hesabu zetu tutachukua 80. Inapoanza kutoka kusimama huvuta zaidi ya hapo kwa kitambo kifupi sana, kama gari linavyohitaji nguvu zaidi kuondoka kuliko kuendelea kwenda.

Simu za bei ya juu zina aina ya pili, isiyozunguka. Humo kuna sumaku iliyoshikwa na springi, na koili inayoisukuma mbele na nyuma mara 150 hadi 235 kwa sekunde kutegemea aina. Apple wameipa ya kwao jina la Taptic Engine na wakaiweka kwenye iPhone 6s mwaka 2015. Aina hii inaanza na kusimama upesi, ndiyo maana ukigusa herufi unahisi kama umebonyeza kitufe kidogo kigumu, si kama simu imepata baridi. Umeme inaovuta ikiwa kazini haupishani sana na ule wa mota ya kuzunguka, ila kwa kuwa mguso wake unaweza kuisha ndani ya milisekunde 10 hadi 15, jumla inakuwa ndogo zaidi.

Anayetaka kujua mtetemo mzuri unavyoweza kuidanganya ngozi ya kidole achukue iPhone 7 au 8, ambazo bado zipo mikononi mwa watu wengi walionunua simu zilizotumika. Kitufe cha chini cha simu hizo hakisogei. Kile unachohisi kama kubonyea ni mtetemo. Zima simu kabisa, kisha kibonyeze: utakuta kipande cha kioo kilichotulia tuli.

Sasa hesabu, na tunaomba msomaji aifuate kwa kalamu. Kwenye mota ya kuzunguka, mguso mmoja wa herufi hudumu milisekunde 30 hivi, yaani sehemu 3 za mia za sekunde. Miliampea 80 kwa muda huo ni 0.00067 mAh, kipimo kilekile kilichoandikwa kwenye betri yako. Betri ya 5000 mAh ndiyo ya kawaida kwenye simu nyingi za Android za sasa, na kila asilimia 1 yake ni 50 mAh. Gawanya: asilimia moja inatosha miguso 75,000. Tukitaka kuwa wakali, tuuzidishe ulaji huo mara mbili kwa ajili ya umeme wa kuanzia na ule unaopotea kwenye saketi inayoiendesha mota. Bado tunapata miguso 37,500 kwa asilimia moja ya chaji.

Meseji ya kawaida iliyojaa ina herufi 160. Miguso 37,500 ni meseji 234 zilizojaa pomoni. Mtu anayeandika herufi 3 kwa sekunde, bila kuinua kichwa, atazimaliza kwa takriban saa tatu na nusu. Na katika saa hizo tatu na nusu kioo kimewaka. Simu yenye kioo kilichowaka, mwanga wa kadiri na data ikiwa wazi, huvuta miliampea 200 hadi 300. Chukua 250. Kwa saa tatu na nusu ni 875 mAh, sawa na asilimia 17 na nusu ya betri. Kwa kazi ileile ya kuandika, mtetemo umechukua asilimia 1, na kioo pamoja na wenzake wamechukua zaidi ya 17. Anayepunguza mwanga wa kioo kwa robo ataokoa zaidi ya yule aliyeuzima mtetemo moja kwa moja, na hatapoteza chochote kidoleni.

Simu zinazoingia nazo tuzipime. Simu ikiita kwa sekunde 25, kwa kawaida mota hutetema na kupumzika kwa zamu, kwa hiyo inafanya kazi kama sekunde 12 na nusu. Hiyo ni 0.28 mAh. Ukipigiwa mara 30 kwa siku ni 8 na ushei, yaani asilimia 0.17 ya betri ya 5000 mAh. Mazungumzo ya dakika tatu tu, simu ikivuta miliampea 200, yanakula 10 mAh. Kwa maneno mengine, mtetemo wa siku nzima wa mtu anayepigiwa sana haufikii ulaji wa maongezi ya mara moja na fundi wake wa bomba.

Kwenye makundi ya WhatsApp, meseji 300 zikitetemesha simu nusu sekunde kila moja, zinakula 3.3 mAh. Lakini kama simu yako imewekwa iwashe kioo kila meseji inapoingia, kioo kikikaa sekunde 5 na simu ikivuta miliampea 200, hizo ni 83 mAh, mara 25 ya mtetemo. Kwa hiyo kunyamazisha kundi la harusi lenye watu mia mbili kuna maana kubwa kwa chaji, na WhatsApp wenyewe wanakuruhusu kulinyamazisha kwa saa 8, wiki moja au moja kwa moja. Ila sababu ya kufanya hivyo ni kioo na data zinazoamshwa usiku na mchana. Mota haikuhusika.

Kwa kitochi hesabu inabadilika kidogo. Betri ya aina ya BL-5C ina 1020 mAh, kama sehemu moja ya tano ya betri ya simu janja, hivyo mtetemo uleule unachukua fungu kubwa mara tano. Simu 30 kwa siku zinafika asilimia 0.8. Mtu aliye mbali na umeme, anayetaka kitochi chake kifike Ijumaa tangu Jumapili, anaweza kuuzima mtetemo na ataambulia saa chache. Huko ushauri una haki ya kusikilizwa. Kuuhamisha ulivyo na kuupeleka kwenye simu ya kupangusa yenye betri ya 5000 ndiko tunakokupinga.

Wapo watakaosema: mbona mimi niliuzima na betri ikadumu? Mara nyingi mtu hazimi mtetemo peke yake. Amesoma orodha ya mbinu kumi, akapunguza mwanga, akazima huduma za mahali, akafunga bluetooth, akanyamazisha makundi, na mtetemo ukiwa wa kumi kwenye msafara. Halafu kuna kipimo chenyewe. Simu inaonyesha asilimia nzima-nzima, na namba hiyo ni makadirio. Tofauti ya saa moja ya kuandika kwa mtetemo na saa moja ya kuandika bila mtetemo ni chini ya asilimia moja, kwa hiyo haiwezi kuonekana pale juu ya kioo, hata ukijaribu mwezi mzima. Hata ile orodha ya programu zinazotumia betri ndani ya Android haitokani na mita iliyofungwa kwenye kila kifaa. Kwa sehemu kubwa hutokana na namba ambazo mtengenezaji wa simu amezijaza mapema, kisha mfumo ukazizidisha kwa muda.

Tuseme kidogo kuhusu kesi ambayo mtetemo unasingiziwa kuliko zote: simu yenye asilimia 15 au 20 inazimika ghafla mtu anapopigiwa. Mwenye simu amehisi mtetemo mmoja mkononi, kisha giza. Anauzima, na fundi asiyepima anamuunga mkono.

Kinachotokea ni hiki. Simu inapopigiwa, mambo manne yanaanza kwa pamoja: redio inaujibu mnara, kioo kinawaka, spika inalia, mota inazunguka. Kwenye mtandao wa 2G simu hurusha mawimbi kwa vipande vifupi, kama mara 217 kwa sekunde, na mahali penye mtandao dhaifu kila kipande kinaweza kuvuta hadi ampea 2. Betri nzima ina ukinzani mdogo wa ndani, yaani kizuizi cha umeme kinachopimwa kwa omu, kama sehemu ya kumi ya omu. Betri iliyochoka inaweza kufika nusu ya omu. Ampea 2 zikipita kwenye nusu omu, volti 1 inapotelea humohumo ndani ya betri. Betri iliyokuwa inasoma volti 3.7 inaanguka hadi 2.7 kwa kufumba na kufumbua, na simu inajizima kujilinda. Kwa wakati huohuo mota imevuta ampea 0.1 hivi, iliyoshusha volti 0.05. Redio imeshusha mara 20 zaidi, lakini haionekani wala haishikiki, basi kesi anapewa aliyeguswa na mkono. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Dawa ya simu ya namna hiyo ni betri mpya. Kipimo cha nyumbani ni rahisi: chaji ikiwa kati ya asilimia 20 na 30, fungua kamera, anza kurekodi video huku taa ya kamera ikiwaka. Ikizimika na mtetemo haukuhusika, jibu umelipata. Ukiona mfuniko wa nyuma umeinuka au kioo kimeanza kuachana na fremu, betri imevimba. Usiibonyeze irudi, usiitoboe, usiendelee kuichaji.

Iko hali moja tu ambayo mtetemo unakuwa mlaji wa kweli, nayo ni pale unapokosa kukoma. Mota ikizunguka saa nzima inakula 80 mAh, asilimia 1.6. Usiku wa saa 8 ni 640 mAh, karibu asilimia 13. Hii hutokea kwa programu ya kengele au ya ukumbusho iliyokwama, kwa simu iliyoingia maji, au pale saketi ya kuiendesha mota inapofunga njia na kuiachia umeme moja kwa moja. Ukihisi simu inanguruma kwa mbali mfukoni bila sababu, izime na kuiwasha. Ikiendelea hata wakati inawaka, kabla nembo haijaisha, hilo si tatizo la programu. Mpelekee fundi siku hiyohiyo, maana palipoingia maji kutu haisubiri.

Kwa mafundi wenzetu wanaoanza, vipimo vyenyewe ni hivi. Weka pawa saplai kwenye volti 4.0, iwekee kikomo cha ampea 2, unganisha kwenye vituo vya betri kwa kuzingatia chanya na hasi. Simu nyingine hazikubali kuwaka bila kile kituo cha tatu cha kuitambulisha betri, kwa hiyo tumia ubao wa betri ya zamani. Zima kioo, subiri simu ilale, soma mita. Weka simu kwenye mtetemo bila mlio, ipigie, soma tena. Usijaribu kupima mguso wa herufi kwa mita hiyo: milisekunde 30 ni fupi mno, mita itakuonyesha wastani usio na maana. Kwenye simu nyingi za Samsung, ukipiga *#0*# unapata ukurasa wa majaribio wenye kitufe cha mtetemo usiokoma, nao unasaidia kusoma kwa utulivu. Kumbuka kutoa kile ambacho kioo kinavuta, vinginevyo utaitwika mota mzigo usio wake.

Mota ikiwa kimya, pima ukinzani wake kwa multimeta ikiwa imetolewa. Mota nzima husoma kati ya omu chache na makumi machache. Mita isiposoma kitu, koili imekatika au brashi zimekwisha. Ikisoma sifuri, imegusana ndani na isirudishwe kwenye ubao. Ile ya kuzunguka unaweza kuijaribu kwa betri mbili ndogo za redio, volti 3, itanguruma papo hapo. Ile ya sumaku na springi usiijaribu hivyo. Betri inatoa umeme wa upande mmoja, nayo inahitaji umeme unaogeuka-geuka, kwa hiyo itagonga mara moja tu, kisha koili inakaa inapata moto. Mafundi wengi wametupa mota nzima za aina hii kwa kudhani zimekufa. Na usifunge moja badala ya nyingine kwa kuwa zimelingana umbo. Saketi iliyotengenezwa kuisukuma sumaku haiwezi kuizungusha vizuri ile mota nyingine, utapata mtetemo wa kivivu au usipate kabisa.

Simu ikitoka kubadilishwa kioo na mtetemo ukawa umepotea, usikimbilie spea. Nyingi ya mota hizi hazijalehemewa kwa waya. Zinagusa ubao kwa vispringi viwili vyembamba, na fundi akiweka mfuniko vibaya au akivilaza kwa kibano, havifiki. Viinue kidogo kwa ncha ya plastiki, futa kwa spiriti, funga upya. Ukisikia sauti ya kukereza huku mtetemo ukiwa hafifu, gundi imeachia na mota inagonga fremu. Gundi ya pande mbili ya unene uleule inatosha, ile ya maji ya kukauka haraka isitumike, kwani inapenya ndani na kuushika uzito unaozunguka. Na kabla ya yote hayo, vua kava. Kava nene la mpira linaumeza mtetemo kiasi cha mtu kudhani simu ni mbovu.

Sasa upande wa mipangilio, ambako watu wanajidhulumu bila kujua. Mtetemo wa mguso hauko mahali pamoja. Upo wa mfumo mzima, unaohusu vitufe vya kurudi na namba ya siri ya kufungulia simu. Upo wa kibodi, ambao una swichi yake. Upo wa vitufe vya namba kwenye sehemu ya kupiga simu. Na upo wa kila programu. Kuzima mmoja hakuzimi mingine, na kuwasha mmoja hivyohivyo. Kwenye kibodi ya Google, gusa na ushikilie kitufe cha koma mpaka ionekane alama ya gia, ingia kwenye mapendeleo, shuka hadi panapozungumzia mtetemo. Kwenye simu nyingi utakuta hapo pia kipimo cha nguvu, kinachohesabiwa kwa milisekunde.

Hapo ndipo penye kosa tunalolikuta kila wakati. Mtu hataki kuuzima, basi anaushusha hadi milisekunde 5 au 10 ili asile chaji. Kwenye simu yenye mota ya kuzunguka, muda huo hautoshi hata kuamsha uzito uliosimama. Mota nyingi za aina hiyo huhitaji milisekunde 50 au zaidi kufikia kasi kamili, na kidole huanza kuhisi kitu kabla ya hapo, karibu na 25 au 30. Ukiweka 10, umeme wa kuanzia, ambao ndio mkubwa kuliko wote, umetumika, na kidole hakikupata habari yoyote. Ni sawa na kuwasha jiko na kulizima kabla sufuria haijapata joto. Weka 30 hadi 40 kwenye simu za bei ya chini. Kwenye simu zenye mota ya sumaku 10 hadi 15 zinatosha, na mara nyingi mtengenezaji ameshazipanga. Kwenye iPhone kuanzia iOS 16 nenda kwenye mipangilio ya sauti, kisha mrejesho wa kibodi. Huko kuna kuwasha na kuzima tu.

Orodha hizi za mbinu zinasahau pia kwamba wapo ambao kwao mtetemo si mapambo. Kiziwi, mtetemo ndio mlio wake. Akisoma gazetini kwamba aukate ili kuokoa betri, ameambiwa akate kengele ya mlango wake. Asiyeona, anayetumia TalkBack kwenye Android, husikia sauti ikimsomea kioo, na mtetemo humwambia kidole kimepita juu ya kitu kinachogusika, hata akiwa ndani ya daladala yenye muziki ambapo sauti haisikiki. Mzee ambaye macho yamepungua nguvu yuko katikati ya hawa wawili. Tunaomba mwandishi yeyote atakayerudia ushauri huo aweke sentensi moja ya kuwataja watu hawa, na aweke namba.

Kuna na jambo la pesa. Simu ya vitufe ilikuwa na kinundu kwenye namba 5. Kidole gumba kilijua kilipo bila macho, na kila kitufe kilijibu kwa kubonyea. Kioo cha simu ya kupangusa ni laini mwanzo hadi mwisho. Mtetemo hauwezi kukuambia umegusa namba ipi, hilo ni lazima uangalie, lakini unaweza kukuambia mguso umepokelewa, na umepokelewa mara ngapi. Mtu anayetuma pesa kwa M-Pesa Tanzania hupiga *150*00# kwenye vitufe vya kupigia, halafu menyu ikifunguka anajibu kwa kibodi. Hizo ni sehemu mbili zenye swichi mbili tofauti. Wengi wamewasha moja na kuizima nyingine, kisha wanashangaa kwa nini nusu ya kazi simu inajibu na nusu iko kimya. Ziwashwe zote mbili.

Kutuma shilingi 10,000 ni kugusa 1, kisha sifuri mara nne. Sifuri ya tano inaifanya 100,000. Juani, kioo kikiwa na vumbi na kidole kina jasho, mguso mmoja unaweza kupokelewa mara mbili, au ukapotea na mtu akaurudia kwa nguvu. Kidole kilichozoea mtetemo kinazihesabu sifuri hizo kabla jicho halijazisoma. Kwenye simu yenye mota ya kuzunguka gusa polepole, uache karibu nusu ya sekunde kati ya sifuri na sifuri, kwa sababu uzito ukiwa haujasimama mitetemo miwili inaungana na kuhisika kama mmoja. Miguso hiyo mitano, kwa mota tuliyoianzia hesabu, inakula 0.0033 mAh.

Wasalaam,
Mafundi simu,
Dar es Salaam